Kuku Si Dawa

Shemeji yangu aliingia Birmingham akitoka Amerika, na masanduku mawili na dini mpya. Dini yenyewe haikuwa na msikiti wala kanisa. Ilikuwa na akaunti. Alikuwa mdogo wake mume wangu, ameishi huko miaka kumi na kitu mpaka ndoa ikamshinda, na sasa alikuwa akilala kwenye sofa letu Sparkbrook na kutufundisha namna ya kuishi. Asubuhi anakula mkate wangu, anamaliza maziwa ya watoto, kisha anapangusa mdomo na kuniuliza, "Shemeji, nyinyi mna mpango gani wa afya?"

Nikamwambia mpango wetu ni kutougua, na tukiugua, daktari yuko hapo Stratford Road. Unaingia, unakohoa, unatoka, na hakuna anayekushika mkono mlangoni kukuuliza pesa. Akanitazama kwa huruma.

"Mmedekezwa," akasema. "Serikali imewadekeza."

Huko alikotoka, akaeleza, mtu mwenye akili ana akaunti yake ya akiba ya afya. Kila mwezi anaweka pesa kabla serikali haijazikata kodi. Zikikaa zinazaa, na hizo zilizozaliwa hazikatwi kodi. Akizitoa kwa matibabu, hazikatwi kodi pia. Zikibaki mwisho wa mwaka hazipotei, anavuka nazo mwaka unaofuata. Haya yote aliyachora jikoni kwangu, mishale kwa mishale, nyuma ya bahasha ya bili ya gesi ambayo hakuwa na nia ya kuilipa. Mimi nilimwuliza swali moja tu: kwani bima yake hailipi? Akasema inalipa, ila yeye hutangulia kulipa maelfu kutoka mfukoni, ndipo bima iamke. Basi nikaelewa. Amerika mtu huchimbiwa shimo mbele ya mlango wa hospitali, kisha akasifiwa kwa busara yake ya kuweka akiba anunue ubao wa kulivukia.

"Na ukiugua kabla akaunti haijajaa?"

"Unajitahidi usiugue," akanijibu, na wallahi hakuwa anatania.

Mwezi wa pili wa kukaa kwake kwetu akashikwa na jino. Shavu likamfura kama hamri ndani ya mafuta. Akaunti yake bado alikuwa nayo huko Amerika, imenona, na alikuwa ametuhubiria kwamba meno yamo ndani ya mambo inayoyalipia. Mume wangu akamwambia, haya, si ndiyo siku yake hii? Hapo ndipo tulipoisikia ile siri kuu. Ukitaka akaunti ikufae, alisema kwa upande mmoja wa mdomo, usiiguse. Iache izae. Kwa hiyo bwana mkubwa akapanda basi hadi hospitali ya meno ya mjini, ile ambayo wanafunzi wa udaktari wanajifunzia kwenye vinywa vya watu, akapiga foleni na sisi tuliodekezwa, akang'olewa bure. Nilicheka siku tatu. Sikujua kuwa nacheka mapema.

Mambo yake yangeishia jikoni, lau si jambo moja. Sisi kwa miili yetu tulikuwa hatuna shida kubwa. Ni meno, miwani na vidonge tu vilivyokuwa na bei. Lakini kila mmoja wetu alikuwa na mzazi nyumbani, na nyumbani shimo la mlangoni tunalijua vizuri. Simu inapigwa uko kazini: mama ameanguka, hospitali inataka malipo ya kwanza ndipo wamtie sindano. Unatoka hapo unazunguka na daftari, Ladypool Road yote, duka hadi duka, nyumba hadi nyumba, na kila mtu anakupa kitu kidogo na maswali mengi. Ni ugonjwa gani? Ulianza lini? Si walisema ni presha? Ukifika mwisho wa barabara umepata nusu ya pesa, na mji mzima umeshajua kizazi cha mamako kina uvimbe wa ukubwa gani.

Tulikuwa wanawake tisa tuliokuwa tukicheza mchezo wa kupeana pesa kwa zamu. Nikawapelekea habari ya shemeji kama kichekesho. Wao hawakucheka. Mwenyekiti wetu alikuwa mama wa Kisingasinga, mzaliwa wa Kisumu, anayekaa Handsworth, na Kiswahili chake ni cha sokoni kule kwao, kinaenda moja kwa moja. Akasema, "Hiyo maneno si mbaya. Lete huyo shemeji yako Jumapili."

Basi Jumapili shemeji akavaa tai. Tukapanda mabasi mawili mpaka Soho Road, huko Handsworth, tukakaa kwenye makochi ya mwenyekiti yaliyovishwa plastiki, tukala bajia, na shemeji akasimama mbele ya runinga akatupa kanuni tatu. Pesa ni za matibabu tu. Hakuna risiti, hakuna malipo. Zilizobaki zinavuka mwaka. Kisha akatuinulia kidole: "Na siri ni kutozigusa, mama zangu." Wenzangu wakaandika hata hilo.

Kanuni ya nne niliitia mimi, kwa mwandiko wangu. Mwenye shida atasimama mwenyewe, aseme mgonjwa wake ni nani na anaumwa nini, na ni mwiko kwa mwanachama kutaja ugonjwa wa mgonjwa wa mwenziwe, ndani ya mkutano au nje. Nilikuwa nimechoka na mambo ya Ladypool Road. Wote walinipigia makofi kwa kanuni hiyo, nami nikajiona nimetunga katiba ya nchi.

Wakanichagua mweka hazina. Sababu ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa mkaguzi katika kiwanda kimoja Tyseley kinachotengeneza vipuri vya vyuma. Kutwa nimekaa mbele ya taa, boliti zinapita, nazipima, mbovu natupa kwenye ndoo nyekundu. Msimamizi wangu alisema sijawahi kuiachia mbovu ikapita. Ukikaa miaka sita unakataa vyuma, mkono unazoea, na mdomo nao unafuata mkono.

Wa kwanza kusimama alikuwa mwenzetu wa Lubumbashi, msusi wa nywele, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya chini. Babake alikuwa amelazwa kwa sukari. Akaleta risiti zake ndani ya bahasha ya kaki: kitanda, vipimo, sindano, na karatasi moja ya daftari, imepigwa muhuri wa mtu wa sokoni, kuku watatu.

Nikaiinua karatasi ile watu waione. "Hii nini?"

"Ni kuku," akasema. "Kule kwetu mu hospitali mugonjwa hapewe chakula. Docteur alisema akule supu, juu ile dawa bila chakula itamutapisha."

"Kuku si dawa," nikasema.

Wenzetu wawili wakacheka, na mimi nikishachekewa sijui kunyamaza. Nikauliza kama tukilipa kuku tulipe na viazi. Nikauliza kama jogoo yule alipimwa damu. Nikaichana karatasi mara mbili, pole pole, nikaiweka kwenye sahani ya bajia zilizokwisha, na zile risiti nyingine nikazipitisha kwa haki kabisa, mpaka ya mwisho. Mwenzetu wa Lubumbashi akakaa. Akasema asante. Mimi nikarudi Sparkbrook nikamsimulia mume wangu nilivyoulinda mfuko. Mume wangu alikuwa akimenya viazi. Akaniuliza, "Sasa mzee alikula nini?" Nikamwambia asiingilie mambo ya wanawake.

Baada ya hapo, ajabu, wazazi wetu wote wakapona. Mwezi wa kwanza hakusimama mtu, wa pili hakusimama mtu. Bibi mmoja alivunjika nyonga Kitale, tukasikia kwa njia za pembeni kwamba bintiye amechukua mkopo kwa wale wakopeshaji wa mlangoni wanaokuja na tabasamu. Kwenye mkutano bintiye alikaa kimya, akakunja miguu, akapiga makofi pamoja nasi. Maana sasa tulikuwa na desturi: nikishasoma salio, watu wanapiga makofi. Salio lilikuwa likipanda kila mwezi, na kila mwezi makofi yanazidi. Tulikuwa tumegeuza akiba ya ugonjwa kuwa mashindano ya uzima. Shemeji alialikwa tena kama mgeni wa heshima. Akasema hata Amerika hajaona watu wenye nidhamu namna ile, na akatushauri tuzifunge pesa miaka mitano benki ili zizae vizuri. Kwa bahati mwenyekiti alisema atafikiria.

Sasa nije kwa mamangu.

Mamangu alikuwa akishona kofia Mombasa, zile za mkono, tundu kwa tundu, kofia moja miezi mitatu. Watu walimletea vitambaa kutoka mbali. Kwa sindano ile alinisomesha mimi na kakangu baada ya baba kufariki, na kwa sindano ile hakuwahi kuniomba hata senti tangu nije Uingereza. Nikimtumia ananiuliza kwani amelalamika kwa nani. Basi siku alipokata simu bila kuniuliza nimekula nini, nilijua kuna jambo. Nikampigia mke wa kakangu, wifi yangu, anayekaa naye nyumba moja. Akaniambia mama anajigonga kwenye miimo ya milango. Daktari wa macho amempima, amesema ni presha ya macho, yote mawili, la kushoto limeshaliwa sana. Anatakiwa atie dawa ya matone kila siku bila kukosa, na jicho la kushoto lifanyiwe upasuaji haraka. Ugonjwa huu, daktari kasema, hauumi, na unachokichukua haurudishi.

Nikampigia mama tena. Kadi ya simu ilikuwa na dakika saba.

"Wifi yako ana mdomo," mama akasema. "Ni ukungu kidogo tu, kwa pembeni."

"Mama, tuna mfuko huku. Wa mambo haya haya. Nikisimama Jumapili tu, pesa zinakuja."

"Usimame mbele ya nani?"

Nilijua anamkusudia nani. Miongoni mwetu tisa alikuwamo mwanamke wa Kisomali aliyekulia Majengo, mtaa wa mamangu, na dadake wa kufuatana anakaa mlango wa pili kwa mama.

"Mteja akisikia macho yangu mabovu," mama akasema, "kitambaa chake atampa nani? Usinitangaze, mwanangu. Nakuomba."

Nikamwahidi. Nitakwambia ukweli, ahadi ile ilinipendeza. Ilinipa sababu safi ya kumwonyesha mume wangu. Kwani kanuni ya nne si niliitunga mimi? Mwanachama wa Majengo angefunga mdomo, na asingefunga ningemtoza faini. Lakini nilipojipima nikisimama kwenye lile zulia la Handsworth, na bahasha mkononi, sikumwona mwanamke wa Majengo. Nilimwona mwenzetu wa Lubumbashi ametulia kwenye kochi lake la plastiki, ananiangalia. Nilikuwa naogopa kuku.

Nikaamua kulipa mwenyewe. Nikaomba saa za ziada kiwandani, Jumamosi nzima, nikawa natuma pesa ya matone. Ya upasuaji ningeidunduliza. Mume wangu, ambaye alikuwa dereva wa basi na mwenzangu kwa umaskini, akaongeza alichoweza. Kila nikipokea risiti ya matone, ambayo wifi yangu alikuwa akiitia kwenye bahasha na kuituma bila mimi kumwomba, naiweka kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Sikujua naiwekea nini. Ni mazoea ya mweka hazina.

"Simama useme," mume wangu akaniambia mwezi wa kwanza.

"Mama amenikataza."

"Mamako amekataza kutangazwa. Hakusema anataka kuwa kipofu."

"Mwezi ujao," nikasema.

Mwezi uliofuata nilikwenda Handsworth nikasoma salio, watu wakapiga makofi. Lile salio lingelipia upasuaji wa mama, na wa mama wa mtu mwingine, na chenji ingebaki. Nililisoma, nikafunga daftari, nikala bajia. Mwenyekiti akauliza, kama anavyouliza siku zote, "Kuna mama yuko na shida?" Safari hii alirudia mara mbili, jambo ambalo si kawaida yake. Macho yake yalinipitia, yakaenda dirishani. Mwenzetu wa Lubumbashi alikuwa akitazama mikono yake. Mimi nikasema kama hakuna, tufunge kwa dua.

Hivyo ndivyo ilivyokwenda miezi mitano. Binti yangu, aliyezaliwa hapa hapa na Kiswahili anakisikia tu, alinikuta Jumamosi moja nimevua viatu nalia jikoni. Nikamweleza habari ya bibi yake kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza: si mna akaunti ya jambo hili? Nikamwambia hayo ni mambo ya watu wazima. Alikuwa na miaka kumi na mmoja na alikuwa ameuliza swali ambalo wazima tisa tulishindwa kuliuliza. Shemeji naye siku zile alikuwa na kazi yake ya ghala na chumba chake cha kupanga, akaja kutusalimia, akasikia tunaliongelea jambo lile. Akasema la muhimu ni kuweka risiti, maana risiti haiozi, unaweza kuidai hata baada ya miaka kumi. Mume wangu akamwomba atoke nje kidogo.

Na mama, mwanamke yule, alikuwa akinidanganya. Chupa ya matone iliyotakiwa kwisha kwa mwezi, yeye aliifikisha miezi miwili. Tone moja mahali pa mawili, na siku za Ijumaa anapumzisha jicho. Aliona namtumia jasho langu la Jumamosi, akaamua kunihurumia. Mimi namficha mama kwa wenzangu, mama ananificha mimi matone, kila mmoja anamlinda mwenziwe kwa bidii kubwa, na ule ugonjwa usiouma unaendelea na kazi yake bila kelele.

Iliyotufumbua macho ilikuwa kofia. Mteja wa miaka mingi, mzee wa heshima, alirudisha kofia ya harusi ya mwanawe. Upande mmoja uzi mweupe, upande wa pili uzi wa rangi ya maziwa. Hakugomba. Aliiweka tu mkekani, akamwambia mama asijali, atamtafutia mtu amalizie. Wifi yangu akanipigia mwenyewe, kwa pesa yake, nikiwa kiwandani wakati wa chai. Akaniambia kuwa wamempeleka kwa daktari siku ile ile. La kushoto limekwisha. Limezimika kabisa, na hakuna upasuaji wa kuliwasha. La kulia lina nafasi, wakifanya haraka.

Nikarudi kwenye taa yangu. Mchana ule nilipitisha boliti mbovu nne, na msimamizi akaja kuniuliza kama ninaumwa.

Jumapili nilichukua kopo la biskuti, nikapanda mabasi yangu mawili. Sikusoma salio. Mwenyekiti alipouliza kama kuna mama yuko na shida, nikasimama. Nikasema mgonjwa ni mamangu, anaumwa macho, jicho moja limekwisha na la pili linataka kufuata. Nikasema nimekaa na jambo hili miezi mitano na salio nikiwasomea. Nililia, na sikuona haya kulia, niliona haya kwa mengine.

Hakuna aliyeshangaa. Hilo ndilo nililoliona kwanza. Watu wanane, na hakuna hata mmoja aliyeshika mdomo wala kuuliza ulianza lini. Mwenyekiti alivua miwani yake, akaifuta kwa dupata, mtandio wake wa begani.

"Sisi tulijua zamani," akasema. "Hiyo maneno ilifika hapa kabla ya pesa yako ya kwanza kufika huko."

Nikamgeukia mwanamke wa Majengo. Alikuwa analia kuliko mimi.

"Dadangu alinambia mwezi ule ule," akasema. "Alimwona mamako akipapasa ukuta. Nikamwambia mwenyekiti peke yake, na hata hilo lilikuwa kosa. Yeye akawaambia wenzetu. Tukakaa tunakungoja. Kila mwezi tunasema leo atasimama. Dada yangu, ningesemaje? Ni mwiko, si uliandika mwenyewe? Na wewe unavyojua kumtahayarisha mtu, nani angethubutu kukusimamisha?"

Nilitafuta mahali pa kuweka mikono yangu. Mwenzetu wa Lubumbashi akainuka kwenye kochi, plastiki ikamng'ang'ania sketi, akaja akanipokonya lile kopo. Akatoa risiti za matone moja moja, akazisoma zote kwa utulivu, mbele na nyuma, kama nilivyozoea kuzisoma mimi.

"Hamuna kuku," akasema.

Akazirudisha ndani ya kopo, akafunga kifuniko, akaketi karibu nami na kunishika mkono kwa nguvu mpaka pete ikaniumiza. Nilimwomba msamaha hapo hapo, mbele ya wote, kwa sauti. Akasema babake alikufa mwezi wa Rajabu, kwamba sukari ilimmaliza, si kukosa supu, nisijibebeshe hilo. Kisha akasema supu ile aliilipa kwa kuuza mashine yake ya kukaushia nywele. Alinisemesha vile kwa upole tu, kama anayenipa habari. Pesa za mama zilitumwa Jumatatu asubuhi, na za yule wa Kitale tukazitoa siku hiyo hiyo bila yeye kusimama. Kanuni ya nne tukaifuta. Ile ya kutozigusa haikuwahi kuwa kanuni, kwa hiyo hatukuwa na la kufuta, tuliacha tu kupiga makofi. Kuku wakaruhusiwa kwa kura zote. Mwaka ule mfuko ulibaki na senti za kununulia bajia, na shemeji alipoliona salio alishika kichwa. Wazazi wetu, namshukuru Mungu, walikuwa wakitibiwa.

Jicho la kulia la mama liliokolewa. Kofia alikuwa ameshaacha, sindano zake amempa binti wa jirani, yule yule wa mlango wa pili, anamfundisha kwa kupapasa. Mwaka uliofuata nilipata nauli, nikaenda kumwona. Nilifika mchana, nimembebea matone ya miezi sita ndani ya mkoba, na risiti yake. Akanikalisha mkekani kwake, akaniambia nimenona, akaanza kunisimulia habari za mtaa huku akinimiminia chai. Mimi nilikuwa nimekaa kushoto kwake. Chai ikapita kando ya kikombe, ikamwagika mkekani, na yeye anaendelea kusimulia, anacheka, hajui.

Nikainuka, nikahamia upande wake wa kulia.